Yanayosemwa kwenye Foleni ya Maungamo: Kweli au Si Kweli?

Mtu mzima anayefundishwa dini ya Kikatoliki huko Isongole hashindwi na fumbo la Utatu Mtakatifu. Hilo atalipokea kwa imani na maisha yataendelea. Kinachomkosesha usingizi ni swali dogo ambalo haoni pa kuliulizia: siku nikipiga magoti mbele ya padre nitasema nini, na nikishasema, nani mwingine atajua?

Swali hilo lina uzito wake katika kata hii ya baridi na viazi mviringo, kando ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, pale wageni wanaposhuka ili wapande mlima Ngozi. Ukatoliki huku si mwenyeji wa zamani. Wamoravian walifungua kituo chao cha Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo. Tukuyu ilikuja kuwa eneo la misioni ya Kikatoliki linalojitegemea mwaka 1932, na leo Rungwe iko chini ya Mbeya, iliyopandishwa kuwa Jimbo Kuu Desemba 2018. Kwa hiyo mwongofu wa hapa ana shangazi Mmoravian, ana shemeji Mlutheri, ana jirani mlokole, na kila mmoja anazo habari za "kule kwa mapadre". Wakatoliki wa siku nyingi nao, badala ya kumtuliza, humwongezea za kwao. Hapa nimekusanya zile zinazorudiwa sana. Nyingi ni uvumi. Chache ni kweli, na hizo ni afadhali zijulikane mapema.

"Kabla ya kubatizwa lazima uungame kila ulichowahi kufanya."

Si kweli. Ambaye hajabatizwa popote haungami kabla ya ubatizo, kwa sababu ubatizo wenyewe unaondoa dhambi zote, ya asili na za kutenda. Mkatekumeni aliyebatizwa usiku wa Pasaka akiwa na miaka hamsini anatoka kisimani hana deni. Maungamo yake ya kwanza yatahusu yale atakayoyatenda baada ya hapo, hata kama ni wiki moja tu. Wapo wanaojitesa miezi kadhaa wakiandaa orodha ndefu ya ujana wao, kumbe hakuna atakayewauliza.

"Mmoravian akija kwetu anabatizwa upya, kwa hiyo na yeye haungami."

Si kweli, na huyu ndiye mwongofu wa kawaida zaidi Rungwe. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa maji uliotolewa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, uwe umetolewa na mchungaji Mmoravian au Mlutheri. Kanuni ya 869 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza kumbatiza tena mtu wa namna hiyo, isipokuwa kuna sababu nzito ya kutilia shaka ubatizo wa kwanza. Mtu huyu hapokei ubatizo wa pili. Anapokelewa katika ushirika kamili, na kabla ya siku hiyo anaungama dhambi alizotenda tangu alipobatizwa.

Kama alibatizwa mchanga na sasa ana miaka arobaini na tano, hiyo ni miaka arobaini na tano. Ndiyo maana anatetemeka, na mimi simlaumu. Lakini hatakiwi kusimulia maisha yake mwaka kwa mwaka. Kinachodaiwa ni dhambi za mauti, aina yake na mara ngapi kadiri anavyokumbuka. "Kwa miaka mingi", "mara chache", "tangu nilipohamia mjini" ni majibu yanayotosha pale hesabu kamili haipatikani. Amri Kumi zikifuatwa moja baada ya nyingine, miaka arobaini na tano inaingia katika robo saa. Na amwambie padre tangu mwanzo kwamba yuko karibu kupokelewa, kwani utaratibu wenyewe wa ibada unataka hivyo.

"Utaumbuliwa mbele ya kanisa."

Si kweli. Ila naelewa uvumi huu unatoka wapi, na nadhani ndio mzizi wa hofu nyingi za huku. Katika makanisa ya Kimoravian na Kilutheri hapa nchini, aliyeanguka katika dhambi inayojulikana huweza kutengwa, na akitubu hurudishwa kundini mbele ya usharika. Aliyekulia huko amewahi kuona mtu mzima akisimama mbele ya watu, kichwa chini, huku wote wakijua ni kwa nini. Mtu huyu akisikia neno "maungamo", picha inayomjia ni ile.

Hata Kanisa Katoliki lilikuwa na toba ya hadharani katika karne zake za mwanzo, tena kali: wakosaji wakubwa walisimamishwa kando ya waamini kwa muda mrefu. Maungamo ya faragha, yanayoweza kurudiwa mara nyingi, yalienea Ulaya kupitia watawa wa Ireland kuanzia karne ya 6. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano ukaamuru kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka, na mtaguso huohuo ukaweka adhabu kali kwa padre anayetoa siri. Kile kiti chenye wavu katikati kilisambazwa karne ya 16 na Carlo Borromeo, askofu mkuu wa Milano, ili kulinda heshima ya pande zote mbili. Historia yote hiyo imekwenda upande mmoja, wa kumwondoa mwenye dhambi machoni pa watu.

Malipizi nayo hayawezi kufichua dhambi. Padre hawezi kukuagiza utangaze ulichofanya. Mara nyingi utapewa sala, kusoma sehemu ya Injili, au tendo la huruma. Mahali ambapo malipizi huuma ni kwenye mali ya watu. Aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani atatakiwa kuurudisha, na aliyeiba atatakiwa kulipa, ingawa si lazima ajitangaze. Dalali aliyezoea kuwafungia wakulima wa viazi kwa lumbesa naye angefanya vizuri kulifikiria jambo hilo kabla hajapanga foleni. Dhambi ya wizi wa vipimo haijaondoka eti kwa sababu soko zima linafanya.

"Ukikaa muda mrefu kwa padre, watu wanajua una dhambi kubwa."

Wanachodhani si kweli. Kwamba watu wanatazama, hiyo ni kweli tupu.

Kwenye vigango padre hafiki kila Jumapili. Akifika, husikiliza maungamo kabla ya Misa, pengine kwenye kiti kilichowekwa pembeni mwa kanisa, pengine nje chini ya mti. Waamini husubiri hatua chache kutoka hapo. Hawasikii, lakini wanaona nani amepiga magoti, nani amefuta machozi, nani ameinuka haraka. Wapo wanaohesabu dakika kana kwamba wametumwa.

Hesabu yao haina maana yoyote. Mtu aliyeua anaweza kulisema jambo hilo kwa sentensi moja. Anayechukua nusu saa huenda ni bibi asiyesikia vizuri, au mwanamke anayeomba ushauri kuhusu mume mlevi, au mwongofu anayefundishwa sala ya kutubu neno kwa neno. Mwongofu karibu siku zote atachukua muda kuliko wengine, kwa sababu ni mgeni. Na anayekwenda kila mwezi atakuwa mfupi, kwa sababu amezoea.

Kama macho ya foleni yanakusumbua kweli, sheria iko upande wako. Kanuni ya 991 inampa kila mwamini uhuru wa kuungama kwa padre yeyote mwenye ruhusa ya kuungamisha. Panda gari uende Tukuyu, au Mbeya mjini, ukaungame kwa padre asiyekujua hata jina. Hujamkosea paroko wako heshima, na paroko mwenye akili timamu hawezi kukuuliza ulikwenda wapi. Kanuni ya 964 nayo inataka pawepo, mahali pa wazi, kiti chenye wavu thabiti kwa anayetaka kukitumia. Ukipenda usionekane uso, dai hilo si la ajabu. Kwa binti au mama aliyelelewa Kinyakyusa, ambako mkwe wa kike alifundishwa kumkwepa kabisa baba mkwe, asikutane naye njiani wala kumtazama, kusema mambo ya chumbani ana kwa ana na mwanamume anayeitwa "Baba" si jambo jepesi. Wavu ule unamfaa.

"Padre ni binadamu, atamwambia mtu."

Ni binadamu. Hatamwambia mtu.

Tuanze na sheria. Kanuni ya 983 inasema siri ya maungamo haivunjwi: ni marufuku kwa muungamishi kumsaliti anayeungama, kwa maneno au kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Padre anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo, bila kusubiri hukumu, na kuondolewa adhabu hiyo ni jambo la Kiti cha Kitume huko Roma. Katika sheria za adhabu zilizorekebishwa mwaka 2021 utaikuta kwenye kanuni ya 1386. Kanuni ya 984 inakwenda mbali zaidi kuliko waamini wengi wanavyojua. Padre hawezi kuyatumia aliyoyasikia kwa namna inayomuumiza aliyeungama, hata kama siri haitafichuka. Ukiungama kwamba umekuwa ukichota sadaka, paroko hawezi kukuvua uweka hazina kwa sababu hiyo. Anaweza kukutaka urudishe fedha. Kukuondoa kwa alichokisikia pale, hapana.

Wapo waliolipa kwa damu. Mwaka 1927 huko Meksiko, padre Mateo Correa Magallanes aliagizwa na jenerali awaungamishe wafungwa, kisha akatakiwa aseme walichoungama. Alikataa, akapigwa risasi. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Siku hizi mgogoro uko kwingine. Nchini Australia, jimbo la Victoria mwaka 2019 na jimbo la Queensland mwaka 2020 yalipitisha sheria za kuwalazimu mapadre kutoa taarifa za udhalilishaji wa watoto hata zikisikika kwenye maungamo, na maaskofu wakajibu kwamba siri ya kitubio haiwezi kuvunjwa. Mtu anaweza kuupinga msimamo huo, na wapo Wakatoliki wanaoupinga. Hawezi kusema ni siri ya kulegalega.

Jambo moja la tahadhari: siri hiyo inamfunga padre, haikufungi wewe. Wengi wanaolalamika kwamba maungamo yao "yametoka" walikuwa wameyasimulia wenyewe kwa msimamizi wa ubatizo, kwa rafiki, au kwenye jumuiya ndogo ndogo baada ya chai.

"Kuungama ni mila ya Wazungu."

Anayelisema hili katika Unyakyusa ameisahau nyumba ya babu yake. Katika miaka ya 1930 Monica na Godfrey Wilson waliishi Rungwe wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, na vitabu vya Monica kuhusu matambiko, vya mwaka 1957 na 1959, vinarudia jambo moja mara nyingi: kabla ya sala na tambiko, ndugu wenye kinyongo walitakiwa wakitoe nje kwa mdomo. Hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa inaleta ugonjwa na kuifanya sala isiwe na nguvu. Maneno yakishasemwa, wakapatana, ndipo ibada iliendelea.

Si kitu kilekile, na sitaki kulazimisha ufanano. Pale ulisema ulivyochukizwa na ndugu yako, mbele ya ndugu zako. Hapa unasema uliyokosea wewe, masikioni mwa mtu mmoja. Lakini wazo kwamba uovu unaofichwa una madhara na unaotamkwa hupoteza nguvu halikuletwa na meli.

Na shemeji Mlutheri akikucheka, muulize kuhusu Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Ibara ya 11 inasema maondoleo ya faragha yabaki kanisani. Martin Luther mwenyewe aliendelea kuungama.

"Lazima ujue maneno yote kwa kichwa, tena kwa Kiswahili sanifu."

Si kweli. Padre ndiye anayeongoza. Ukisahau sala ya kutubu, atakuongoza, au utasema kwa maneno yako kwamba unajuta na hutaki kurudia. Unaweza kwenda na karatasi uliyoandika, ila ichome ukitoka. Karatasi ya dhambi iliyodondoka sokoni Kiwira haina kanuni ya kuilinda. Mzee anayejieleza vizuri kwa Kinyakyusa au Kisafwa tu, na padre ametoka mkoa mwingine, anaruhusiwa na kanuni ya 990 kutumia mkalimani, naye mkalimani anabanwa na siri. Najua watakaotaka ni wachache. Afadhali kumtafuta padre anayejua lugha.

"Mzee hawezi kumwungamia kijana."

Anaweza. Mwenye miaka sabini mbele ya padre wa miaka thelathini anajisikia vibaya, na katika jamii iliyojengwa juu ya heshima ya rika hilo halishangazi. Lakini padre yule hasikilizi kwa niaba ya umri wake. Machi 2014 Papa Fransisko, akiwa na miaka 77, alipiga magoti mbele ya padre wa kawaida ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, waandishi wa habari wakipiga picha, akaungama.

"Padre atashtuka."

Hatashtuka. Kwenda kwa mganga, kutoka nje ya ndoa, kumwombea jirani mabaya, kutia mimba na kuikana: amesikia yote, tena wiki iliyopita.

"Ukisahau dhambi moja, maungamo yote yameharibika."

Si kweli. Uliyoisahau kwa nia njema imeondolewa pamoja na nyingine, na kama ni nzito utaitaja safari ijayo. Kuificha kwa makusudi ni jambo jingine. Hapo maungamo yanabatilika kweli, na anayefanya hivyo anatoka na mzigo mzito kuliko aliokwenda nao. Kama kuna moja inayokukaba koo, anza nayo hiyo. Au sema tu, "Baba, lipo moja siwezi kulitamka." Atakusaidia kwa maswali.

"Kuna dhambi padre wa kijijini hawezi kuondoa, mpaka askofu."

Ilikuwa kweli kwa sehemu. Kutoa mimba ndiko kulikotajwa zaidi, kwa sababu ya adhabu ya kutengwa iliyoambatana nako. Novemba 20, 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kuondolea dhambi hiyo. Bado yapo makosa machache yanayopelekwa Roma, kama kuinajisi Ekaristi kwa makusudi. Mkulima wa Isongole hana haja ya kupoteza usingizi kwa hayo.

"Asiyelipa zaka haungami." "Siku hizi unaweza kuungama kwa simu."

Yote mawili si kweli. Kuchangia Kanisa ni wajibu, lakini si kiingilio cha sakramenti, na anayekuzuia kwa sababu ya michango ya jumuiya anajitungia sheria. Simu je? Roma ilishasema wazi mwaka 2002 kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. WhatsApp itumie kumuuliza katekista ratiba.

"Mwenye ndoa isiyo ya Kanisa asijisumbue kwenda."

Nusu kweli, na hii ndiyo nusu inayouma. Maondoleo yanadai nia ya kuacha dhambi. Mwenye wake wawili, au anayeishi na mtu bila ndoa, hawezi kwa kawaida kupokea maondoleo huku akikusudia kuendelea vilevile. Padre akimwambia "bado", hajamtukana. Lakini "bado" si "usije". Kwa mwongofu, mambo haya yanapaswa kutazamwa wakati wa mafundisho, mezani kwa paroko, mwezi wa kwanza, si kwenye foleni siku ya kupokelewa. Makatekista wanaoliacha swali la ndoa mpaka wiki ya mwisho wanawaumiza watu bila sababu.

"Ukizoea, hofu inaisha."

Kwa wengi hupungua. Kwa wengine haiishi, na wapo Wakatoliki wa kuzaliwa, wazee wa parokia, ambao mpaka leo hujikohoza mara tatu kabla ya kusimama. Hofu si dhambi, wala haimaanishi kwamba hujatubu. Haihitaji kuungamwa.

Basi kama unasubiri kupokelewa Pasaka ijayo, usingoje Juma Kuu ambapo mapadre wamechoka na foleni imezunguka kanisa. Muulize katekista wako siku ya katikati ya wiki, mapema katika Kwaresima. Ukifika, piga magoti useme, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Ni mara yangu ya kwanza na ninaogopa. Nisaidie." Kuanzia hapo kazi ya kuongoza ni yake.